Baba Wawili kwenye Mchoro wa Tusekile

Bulyaga, Tukuyu
Alhamisi, saa tisa alasiri

Ipyana,

Baba yako amekuchukua kwenda Igogwe kuwaaga shangazi zako, na mimi nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha kukufungia mizigo. Mizigo ilishafungwa tangu jana. Nimebaki kwa sababu sikutaka kukaa na wewe kwenye gari moja. Nimekukasirikia, na kesho alfajiri unapanda basi la Dar, kwa hiyo sina muda wa kusubiri hasira ishuke ndipo niseme vizuri. Nasema hivi hivi ilivyo.

Mambo ya kufua nguo, ya kula kwa wakati na ya marafiki wabaya utaambiwa na baba yako njiani. Anapenda kuyasema. Mimi nataka kusema juu ya Jumapili.

Jumapili tulijaa sebuleni kwa sababu ya mvua, watu karibu ishirini, wote wamekuja kwa ajili yako. Daktari mtarajiwa. Kila mtu alikuita hivyo na wewe hukumkataza hata mmoja. Ulipofika kwa bibi yako kumnawisha mikono, alikushika mkono wako kwanza, akauweka mkono wake mwingine chini ya mbavu, akasema kwa Kinyakyusa maneno machache. Nusu ya maneno hayo hukuyaelewa. Ulielewa neno moja tu, moyo. Ukamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Bibi, hapo siyo moyo. Hapo ni tumbo. Moyo uko huku." Ukajigonga kifuani kwa vidole viwili. Kisha ukawageukia binamu zako ukasema kwa Kiingereza kwamba ndiyo maana watu hawa wanachelewa hospitali. Wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote.

Bibi yako alirudisha mkono mapajani, akaufunika na kitenge. Wewe hukuona. Ulikuwa unapiga picha.

Jioni nilimfuata chumbani kwake nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akaniambia kwamba hakuwa anaumwa popote. Alikuwa anakuaga. Pale chini ya mbavu ndipo mtu anapombeba anayeondoka, kwa lugha yake, na alikuwa anakuambia kwamba umeshaanza kumlemea kabla hata hujaondoka. Wewe ulimpima ukamkuta na ugonjwa wa kutojua mwili wake.

Ningeweza kukuita ukamwombe radhi, yakaisha. Sikukuita. Nilipokutazama ukijigonga kifua vile niliona kitu kilichonifunga mdomo. Niliona uso wangu. Kicheko kile nilikifanya mimi kabla yako, mbele ya darasa zima, na kilichofuata sijawahi kukusimulia. Baba yako anajua kidogo. Wewe ulikuwa na miaka saba, na uliambiwa kwamba mama amehamishwa shule.

Unajua kwamba nilikuja Rungwe kutoka Singida kwa barua ya kupangiwa kazi. Nilifundisha Biolojia kwenye shule ya sekondari upande wa Lupepo, shule ambayo sitaitaja jina kwa sababu walimu wa sasa si wale. Mkuu wa shule alikuwa ameweka sheria ya Kiingereza tupu. Kuanzia getini, Kiswahili ni kosa, na Kinyakyusa ni kosa kubwa zaidi. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa ni mjinga. Ukikutwa unasema Kiswahili unakivaa shingoni mpaka umkute mwenzako naye anakosea, umvishe. Kibao kilikuwa kinatundikwa kwenye msumari, ofisi ya walimu, nyuma ya kiti changu.

Usifikiri nitajificha nyuma ya mkuu wa shule. Ni kweli alikuwa anawaandikia barua walimu waliolegea. Lakini mimi sikulegea hata siku moja, na sikuhitaji barua. Nilikuwa naamini. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya udongo, Kiingereza kilinitoa humo, na niliwatazama watoto wale nikaona kwamba kila neno la Kiswahili wanalosema linawarudisha shambani. Nilikuwa mkali, na nilijisikia mwema.

Tusekile alikuwa kidato cha nne. Msichana mrefu, mkimya, daftari lake safi. Kwao walikuwa ndugu wawili wa kiume waliooa dada wawili, wakajenga nyumba mbili kwenye uwanja mmoja, katikati ya migomba. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilikuwa nafundisha urithi, yaani namna sifa na magonjwa yanavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Niliwapa kazi ya kuchora ukoo wao: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya kuunganisha wazazi na watoto, na wale wenye sifa fulani wapakwe rangi. Nilitegemea waniletee nani anaweza kukunja ulimi na nani ana kishimo shavuni.

Tusekile alichora miraba miwili juu na maduara mawili. Chini yake watoto sita. Halafu akavuta mistari kutoka kwa wote wanne kwenda kwa watoto wote sita. Kila mtoto alikuwa na baba wawili na mama wawili. Watoto watatu aliwapaka rangi.

Nililishika daftari lile juu, darasa lote lione. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama ana baba wawili. Akasimama akajibu ndiyo, madam. Nikamuuliza kama ana mama wawili pia. Akajibu ndiyo, madam. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nami nilicheka. Nikasema kwamba huu ni muujiza ambao sayansi haijawahi kuuona, nikaandika kwa wino mwekundu neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ni upuuzi.

Wewe umesoma urithi na umepata alama ya juu, kwa hiyo utaona haraka kosa lake. Ngoja kwanza. Kwa Kinyakyusa, kaka wa baba yako ni baba yako, na dada wa mama yako ni mama yako. Sisi huku kwenye Kiswahili angalau tunasema baba mkubwa, baba mdogo. Kiingereza kina neno jingine kabisa, na neno hilo likitajwa, mtu yule anatoka nje ya nyumba. Tusekile alipoambiwa aunganishe watoto na baba zao, aliwaunganisha na baba zao. Alifanya nilichomwambia. Somo langu lilikuwa limejengwa juu ya lugha ambayo baba ni mmoja, na sikulijua hilo, kwa sababu hakuna kitabu kilichoniambia. Nilidhani ni sayansi inayosema hivyo.

Wakati wa mapumziko alinifuata ofisini. Kulikuwa na walimu watano. Akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, kwamba wale aliowapaka rangi huumwa mifupa kila baridi ikianza, na nyumbani wana jina la ugonjwa huo, na alitaka kujua kama...

Nilimkatisha nikamwambia aseme kwa Kiingereza.

Alijaribu. Alisema madam, akasema mifupa, akasema baridi. Maneno matatu ya Kiingereza, kila moja peke yake, hayana cha kuyaunganisha. Akasimama pale. Nilimwona akitafuta, na nakuapia niliona kwamba anachokitafuta ni kikubwa. Nikanyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, nikakitoa kibao kwenye msumari, nikamvisha.

Hakurudi darasani. Alivuka uwanja na kibao shingoni, akapita getini, akashika njia ya mashamba ya chai. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Wiki ya pili nilimtuma mwanafunzi aliye jirani yao, na hapa uniangalie vizuri mimi mama yako nilivyokuwa: sikumtuma kuuliza Tusekile ana nini. Nilimtuma kuulizia kibao.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, baridi ile ya kuvuta blanketi mchana, mdogo wake Tusekile alifariki. Jina lake Tumpe. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisikia kwamba kuna msiba Lupepo kama tunavyosikia misiba, nikachanga, nikaendelea na kazi.

Iliniingia mwaka mmoja baadaye, nikiwa nimekaa nyuma ya darasa nasahihisha mitihani. Alikuja muuguzi kuwafundisha wanafunzi habari za selimundu. Mkuu wa shule alimwambia afundishe kwa Kiingereza, naye akajibu kwamba amepewa nusu saa na hana dakika za kupoteza. Akafundisha kwa Kiswahili. Akaeleza kwamba ni ugonjwa wa damu unaorithiwa, kwamba mzazi anaweza kuubeba asiumwe, kwamba wazazi wawili wanaoubeba wanaweza kuzaa mtoto mgonjwa. Akasema dalili moja watu wengi huku wanaichukulia kuwa ni malaria au baridi yabisi: maumivu makali ya mifupa, baridi ikianza. Hauponi kirahisi, alisema, lakini mtoto akijulikana mapema anapewa dawa, anakunywa maji, anafunikwa, anafuatiliwa, anaishi. Kisha akatoa mfano wa familia moja, bila jina. Ndugu wawili waliooa dada wawili. Mmoja wa watoto wao amekufa ndipo wenzake wakapimwa.

Daftari la Tusekile lilikuwa bado kwenye droo yangu, kwa sababu hakuja kulichukua. Nililifungua kwenye ukurasa ule. Nikachukua penseli, nikatenganisha mistari, nani alizaliwa na nani. Kati ya waliopakwa rangi, mtoto wa kwanza na wa nne nyumba hii, wa tano nyumba ile. Mchoro ulikaa sawasawa, Ipyana. Ulikuwa mchoro wa urithi bora kuliko wowote niliowahi kuletewa na mwanafunzi, na haukutoka kitabuni. Alikuwa ameukusanya mwenyewe, kwa kuwasikia watu wa kwao, kwa lugha yao. Duara la mtoto wa tano, lililopakwa rangi vizuri bila kutoka nje ya mstari, lilikuwa na jina pembeni: Tumpe. Na juu yake wino wangu mwekundu.

Mimi nilikuwa na jina la ugonjwa ule kwa Kiingereza. Nilikuwa nimelifundisha kwenye darasa lile lile, juma lile lile. Yeye alikuwa na wagonjwa watatu na jina la Kinyakyusa ambalo maana yake ni kuvunjwa na baridi. Tulisimama umbali wa meza moja. Nilichohitaji kufanya ni kumwacha amalize sentensi.

Nilikwenda kwao. Nilibeba sukari na sabuni kama tunavyokwenda kwenye misiba, ingawa msiba ulikuwa umeshapoa. Mama yake alinikaribisha vizuri, hakunijua. Tusekile alitoka migombani na panga mkononi, akanitambua tangu mbali. Hakunipa mkono.

"Umefuata kibao?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Akaingia jikoni akarudi nacho. Kilikuwa kimechanjwachanjwa, upande wa nyuma umelowa kijani. "Mama anakatia mboga," akasema. "Maandishi tumeyalaza chini. Kama unakitaka kichukue, lakini kinakata vizuri."

Nikaanza kusema nilichokwenda kusema. Nilikuwa nimekiandaa njia nzima, Kiswahili kizuri, cha mtu msomi anayejuta. Mama yake alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia binti yake kumuuliza kwa Kinyakyusa mgeni anasema nini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu. Nilichokuwa nasema kilimpita. Nikamwomba Tusekile anitafsirie.

Akakataa. Hakupandisha sauti. "Yeye ndiye mama wa Tumpe. Mwambie kwa Kinyakyusa. Mimi nilipokuja kwako uliniambia niseme kwa Kiingereza."

Nilikuwa nimekaa Rungwe miaka tisa. Nimeolewa na Mnyakyusa, nimezaa mtoto wa Kinyakyusa, nimekula kwenye nyumba zao. Nilikuwa najua ugonile na ndaga, yaani hujambo na asante. Basi. Nilimtazama yule mama, naye akinitazama kwa adabu akingoja, na nikatafuta. Nilipata neno la mtoto. Nilipata neno la Mungu. Sikuwa na cha kuyaunganisha. Nikakaa pale na kikombe cha chai kimepoa mkononi, mwalimu mwenye shahada, bubu. Tusekile aliniacha nikae hivyo. Hakunisaidia, na sikumlaumu wakati ule wala sasa. Mwishowe nikasema ndaga, nikaondoka.

Ndipo nilipoomba uhamisho nikaja shule ya hapa mjini. Na ndipo nilipokwenda kwa bibi yako, huyo huyo uliyemfundisha moyo uko wapi, nikamwomba anifundishe kusema. Alinicheka siku nyingi. Nilikaa naye kwenye kumenya ndizi na kuchambua maharage mwaka mzima na zaidi. Kila nilipouliza neno alitaka kwanza kujua linasemwa na nani, kwa nani, amesimama wapi. Nilikuwa nimezoea kamusi. Yeye hakuwa na neno lililokaa peke yake.

Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umeshakatazwa. Tangu unaanza kusema niliamuru kwamba nyumba hii ni Kiswahili na Kiingereza, ili ulimi wako usichafuke. Baba yako alitaka kubisha akachoka. Hata nilipoanza kujifunza mimi, wewe nilikuacha hivyo hivyo, kwa sababu ulikuwa unaongoza darasa na niliogopa kugusa. Nilijirekebisha mimi, wewe nikakuuza. Kwa hiyo ujinga wako wa Jumapili niliupanda kwa mkono wangu. Hilo haliipunguzi hasira yangu. Linaiongeza. Una miaka ishirini, una masikio, na umeishi na bibi yule chumba kwa chumba. Ungeweza kumuuliza.

Tangu siku ile nilianza kuwasikiliza walimu wenzangu kwa namna nyingine. Mwalimu wa Fizikia hapa shuleni, mtu wa Musoma, aliwahi kuniambia kwamba kila mwaka anapoteza watoto kwenye neno moja, nguvu. Kwetu msukumo wa mkono ni nguvu, chakula tumboni ni nguvu, umeme wa mtambo ni nguvu, na mzee ambaye bado analima ana nguvu. Mtihani unalikata neno hilo vipande vitatu na kila kipande kina kanuni yake. Watoto wanakariri kanuni bila kujua kwamba ni neno lao lililokatwa, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kisu kilipopita. Lakini mtu huyo huyo alisema kwenye somo la sayari hahangaiki kueleza mwezi wa kalenda ulitoka wapi. Wanautazama tu angani, una jina lile lile. Wa Historia alikuwa na mwanafunzi aliyeulizwa nani aligundua ziwa fulani, akaandika kwamba waligundua watu wa kwanza kunywa maji yake. Akampa sifuri. Alinisimulia huku anacheka, na mimi sikuweza kucheka naye, na tangu hapo hatupatani.

Muulize baba yako habari za mjane wa shamba la chai. Baba yako alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Yule mama alisimama akasema anataka haki, na kwenye Kiswahili chake haki ilikuwa moja: kile kilicho chake na kutendewa sawa mbele ya watu. Kesi ilipokatiwa rufaa ikabidi baba yako asaidie kuiandika kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mawili, ikabidi achague. Akachagua lile la kilicho chake. Yule mama akapewa kipande chake cha shamba kwa vipimo. Aliporudi alimwambia baba yako kwamba amepewa haki yake lakini haki hakuipata. Baba yako hulisimulia kama fumbo la kuchekesha. Mimi naona alimkata mtu vipande viwili akapeleka kimoja.

Kwenye udaktari mtapewa maneno mengi, na mazuri. Siyachukii. Jina lile la Kiingereza lingeweza kumwokoa Tumpe, na sitaki mtu akudanganye kwamba majani na jina la Kinyakyusa yangetosha. Nilichokichukia, na nakichukia mpaka leo, ni mimi nilivyodhani kwamba asiye na jina langu hana anachokijua.

Nilirudi Lupepo miaka miwili baada ya ile safari ya kwanza. Nilimwambia mama wa Tumpe kwa Kinyakyusa kibovu yale niliyoyafanya. Nilisema yote, hata kibao, hata kucheka. Ilichukua muda mrefu kwa sababu nilikosea, nikarudi, nikaanza upya. Alisikiliza huku ameshika shavu. Nilipomaliza akasema amesikia. Akanyanyuka kwenda kulisha ng'ombe.

Siku hiyo Tusekile alikuwa ameshakuwa mhudumu wa afya wa kijiji, amefundishwa na yule muuguzi. Uani kulikuwa na wazazi kama kumi wamekaa, na alikuwa anawaeleza selimundu. Kwa Kinyakyusa. Nilisimama kwenye kona ya nyumba nikasikiliza, nikitaka kujua atafanyaje na neno baba. Hakulibadilisha. Alisema baba aliyekuzaa na baba anayekulea, mama aliyekuzaa na mama anayekulea, akaendelea, wala hakuna aliyechanganyikiwa. Miaka yote ile nilidhani lugha yao haiwezi, kumbe hakuna aliyewahi kuiuliza swali hilo.

Kisha akafanya kitu ambacho kitabu changu kisingekifanya. Mzee mmoja alisema wanaoumwa ni watoto wa mdogo wake, yeye hayamhusu. Tusekile akamuuliza ni watoto wa nani. Mzee akajibu, kwa Kinyakyusa, kama lugha inavyomlazimisha kujibu: wanangu. Akasikia mwenyewe alichosema. Wiki ile alipeleka watoto wa nyumba zote mbili kupimwa. Kwa Kiingereza angekuwa anko tu, angekwenda zake.

Nilimfuata baadaye nikamwomba aje shuleni kwangu awafundishe wanafunzi. Akasema hapana. Nikamwambia sitamtafsiria, sitasema neno, nitakaa nyuma. Akasema anajua, na bado ni hapana. Nikamuuliza kama siku moja atanisamehe. Akaniambia mdogo wake angekuwa kidato cha pili. Halikuwa jibu la swali langu, au lilikuwa.

Nakuandikia haya, Ipyana, na bado nimekasirika. Sitaki ukirudi Krismasi unipigie magoti. Barua hii usimwonyeshe mtu, na usiifanye hadithi ya kuwasimulia wenzako bwenini ili waone una mama wa ajabu. Bibi yako sitakulazimisha umwombe radhi, maana ungemwomba kwa Kiswahili, naye angekubali kwa adabu, na nyote mngelala vizuri. Sitaki ulale vizuri. Huko utavaa koti jeupe, na mtu atashika mahali ambapo kitabu chako kinasema hapana kitu. Siku hiyo nataka uone aibu kabla hujafungua mdomo.

Tusekile bado tunaonana. Huja mjini kuchukua dawa za kituo chao. Kila tunapokutana hunisalimia kwa Kiingereza, kile cha darasani, amesimama wima, na kuniita madam mbele za watu. Mimi humjibu kwa Kinyakyusa. Huwa anapita.

Wiki iliyopita tulikutana dukani, hapa chini. Akanisalimia hivyo. Nikamjibu, na safari hii nikaongeza: nikamuuliza habari za mama yake na za watoto wa nyumba zote mbili, sentensi ndefu, ya kwanza ndefu kiasi hicho kumwambia. Alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama. Akageuka akasema kwa Kiswahili kwamba neno moja nimelitamka vibaya. Mwenye duka akacheka, na mama mmoja aliyekuwa ananunua mafuta naye akacheka. Nikamuuliza Tusekile linatamkwaje. Akalitamka mara moja. Nikalirudia. Wakacheka tena. Nikalirudia. Aliutazama mdomo wangu, si macho.

"Bado," akasema, akachukua chumvi yake akatoka.

Nikabaki pale dukani, nalirudia.

Gari linapanda kilima, nadhani ni ninyi. Stendi kesho utasindikizwa na baba yako.

Mama